Iliganda Saa Kumi na Dakika Nne

Ijumaa alasiri duka la kompyuta la mtaa wa Darsait, huko ughaibuni, lilijaa watu hadi mlangoni. Semeni, mfanyakazi wa ndani kwenye mtaa wa Azaiba, alijipenyeza kwa abaya nyeusi na mtandio wa manjano. Laptopu kuukuu aliyopewa na bosi wake, Bi Shaikha, alikuwa ameifunga kwenye kanga.

"Dada, umebeba mashine au mtoto?" fundi akamtania. Alikuwa Yassin, kijana wa Tanga, mtanashati, shati lake limepigwa pasi kama la harusi.

Ugonjwa ulikuwa kwenye kadi ya mtandao. Ikifanya kazi kidogo inaganda, na picha ya anayepiga inasimama. Yassin aliondoa dreva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, akarudisha ya zamani, akamwonya asikubali kusasisha. Semeni akaitikia. Lakini mtu aliyejibu "ndiyo, madam" kwa miaka minne habadiliki kwa siku moja. Kila mashine ilipomuuliza kitu, alibonyeza ndiyo. Dreva mbovu ikarudi, naye akarudi Darsait, Ijumaa baada ya Ijumaa, hadi wakapendana.

Mkataba wa Yassin ulipokwisha, kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini viza, alitaka jibu siku ileile, Jumatano: miaka miwili zaidi, au arudi kwao. Yassin akampigia Semeni kwa video.

"Laazizi, ukikubali nikuoe, nabaki."

Picha ikasimama, Semeni kainamisha macho. Yassin alingoja dakika tatu, akajua amekataliwa. Iliuma vibaya. Alizima simu, akaenda kutia saini ya kuondoka.

Ijumaa Semeni aliweka mashine kwenye kaunta, macho yamemvimba. Yassin akafungua kumbukumbu za mashine. Kadi iliganda saa kumi na dakika nne, alipomaliza tu kuuliza.

"Nilisema ndiyo," Semeni alisema. "Mara tatu."

"Nilidhani umenyamaza."

"Na kutoka hapa mpaka Azaiba ni mbali kiasi gani, Yassin?"

Viza ya Yassin ilishafutwa, safari ilikuwa kesho. Alirudisha dreva ya zamani, akazuia masasisho yote.

Jumamosi alipiga kutoka uwanja wa ndege, akamuuliza kama atamsubiri. Picha ilikuwa safi. Semeni alisikia kila neno, hata tangazo la safari nyuma yake. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma. Akamtazama tu.

"Semeni? Imeganda?"

"Hapana," alisema. "Haijaganda."