Karata ya Sabini na Nane

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, mchoraji alifungua simu akakuta kazi yake ya miaka miwili inagawiwa bure mtandaoni. Karata zake za taroti, zile za kutazamia bahati, alizozichora moja moja kwa mkono, zilikuwa zimepangwa kwenye ukurasa usio na jina la mtu. Juu yake yaliandikwa maneno: "Pakueni, mchapishe, mgawe." Watu mia tisa walikuwa wameshapakua.

Saa mbili na nusu Shangazi alikuwa ameshafika sebuleni, hata viatu hajavua.

"Mchapishaji anasemaje?"

"Amenipa mpaka saa sita mchana nitaje aliyevujisha. Akiwa mwizi, mkataba unabaki, na mawakili wanamshughulikia. Nikiwa nimezitoa mwenyewe, mkataba umekufa." Mchoraji alikuwa akiizunguka meza tangu alipouona ule ukurasa. "Shangazi, mtu anachukuaje kitu cha mwenzake bila hata kuomba?"

"Kaa chini kwanza, unanitia kizunguzungu."

Hakukaa. Wifi yake, mke wa kaka yake, waliyeishi naye nyumba moja, aliwaletea chai. Joto lilikuwa limeshaanza na feni inazunguka, lakini yeye alikuwa amefunga vifungo mpaka shingoni, kama kawaida yake. Akaweka trei, akarudi jikoni.

Shangazi hakuwa askari. Miaka thelathini alipokea karatasi za mitihani, na ofisi nzima ilijua hasaini bahasha kabla hajahesabu kilichomo, hata bosi awe amesimama kichwani pake. Walimwita Mama Hesabu, na walimchoka kwelikweli.

"Nani mwingine alikuwa nazo zote?"

"Fundi wa skana. Na Profesa, anayeniandikia kijitabu cha maelezo. Huyo tuligombana juzi, alitaka jina lake likae juu ya boksi."

Saa tatu na robo Shangazi alikuwa dukani kwa fundi, mtu mzima mwenye kipara na maneno mengi.

"Mama, nikivujisha kazi za wateja nitakula nini? Hebu tazama." Akafungua kompyuta. "Picha zangu zote zina ukingo mweupe pande nne. Mimi sikati ukingo, hukata mwenye kazi."

Shangazi alilinganisha na simu yake. Za mtandaoni hazikuwa na ukingo hata kidogo.

Saa nne kasoro dakika kumi alimkuta Profesa barazani kwake. Uprofesa wake ulikuwa miwani tu.

"Nilimwambia atajuta, sikatai," alisema. "Ilikuwa hasira. Lakini mimi nilitumiwa picha ndogo za kusomea." Akaikuza moja kwenye simu, ikawa ukungu mtupu. Zile za mtandaoni zilikuwa safi, nywele za farasi unazihesabu.

Shangazi alitoka pale roho haijatulia. Picha kubwa, zilizokatwa ukingo, zilikuwa mahali pamoja tu: kwenye kompyuta ya mchoraji, isiyo na nywila, juu ya meza ya kulia. Kaka mtu alikuwa safarini wiki ya pili sasa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hakupenda kujisikia akisema hivyo.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu asubuhi hajahesabu, akaona haya. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akahesabu picha kwenye ule ukurasa. Akarudia mara ya pili.

Saa tano na dakika tano alikuwa amerudi.

"Pakiti nzima ina karata ngapi?"

"Sabini na nane."

"Huyu ametoa sabini na saba. Ipi haipo?"

Mchoraji alipitisha kidole kwenye simu. "Nyota."

"Nionyeshe uliyoichora."

Mwanamke mtupu alikuwa amepiga magoti kando ya maji, amewageuzia watu mgongo. Kovu la moto lilishuka toka bega la kulia hadi kiunoni, limechorwa kwa uangalifu, kila mkunjo.

"Mgongo huu umeuona wapi?"

Mchoraji alianza tena kuizunguka meza.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa nampaka dawa, mwaka juzi alipougua. Lakini uso hauonekani, Shangazi. Hakuna atakayejua ni nani."

"Mwenyewe anajua." Shangazi akageukia jikoni. "Mwanangu, njoo ukae hapa."

Wifi alikuja, akaketi, hakujitetea.

"Ijumaa nilikuwa nafuta vumbi nikaiona kwenye kompyuta. Mgongo huu anaujua mume wangu, na huyu wifi yangu. Basi. Nikawaza utauzwa madukani. Nilikuwa nimemsikia akisoma mkataba kwenye simu, kwamba akizitoa mtandaoni kwanza hazichapishwi tena. Nikazitoa. Hiyo moja mkono ulikataa."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mchoraji.

"Wewe uliniambia?"

Shangazi aliwaonea huruma wote wawili, na wote wawili walimkasirisha.

Saa tano na nusu wifi aliufuta ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Ikabaki fomu ya mchapishaji: *Taja aliyetoa picha bila idhini ya mwenyewe.*

"Andika mimi," alisema wifi. "Nimefanya, nitabeba."

Mchoraji aliacha kuzunguka. Akaketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaandika jina lake mwenyewe.

"Unajua unachokipoteza?" aliuliza Shangazi.

"Najua. Asubuhi nilikuuliza mtu anachukuaje kitu cha mwenzake bila kuomba." Akatuma, saa sita kasoro dakika nane. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Kisha akaichukua Nyota, akamkabidhi wifi yake. "Yako hii. Nisamehe."

Wifi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Sijawahi kuliona kovu lote," alisema. "Ndivyo lilivyo?"

"Ndivyo lilivyo."

Akaiweka mezani bila kuifunika. Akafungua kifungo cha shingoni, kisha cha pili, akauliza kama chai imebaki.