Fungua Kabla ya Kushuka

Fundi visima alikuwa na mwiko wake. Barua ya rafiki haifunguliwi mpaka kazi iishe. "Kazi kwanza, porojo baadaye," alimwambia mkewe.

Rafiki mwenyewe alikuwa mzee, msimamizi wa zamani wa mgodi. Miaka kumi na moja nyuma alimfukuza fundi kazi mgodini. Fundi akamwandikia matusi, ukurasa mzima. Mzee akajibu, "Matusi yamefika. Watoto hawajambo?" Basi, wakaandikiana tangu siku hiyo. Mwezi uliopita fundi alimweleza kwamba amenunua pampu ya petroli, ila mpira wake wa kuvutia maji ni mfupi.

Asubuhi moja jibu lilifika. Fundi alilitia mfukoni mwa koti bila kulitazama, akaenda na shemeji yake kusafisha kisima cha jirani. Kwa kuwa mpira ulikuwa mfupi, waliteremsha pampu ndani, wakaiwasha. Maji yalipopungua, wakaizima. Shemeji akajifunga kamba kiunoni, akashuka kwa ngazi.

Mke wa fundi alileta chai. Alikuwa anasoma darasa la watu wazima, na siku hizi haachi kitu bila kukisoma. Aliona bahasha kwenye koti lililotundikwa uani.

"Baba watoto, hapa juu pameandikwa. Fu-ngu-a ka-bla ya ku-shu-ka."

"Baada ya kazi, mke wangu." Fundi aliinama kisimani. "Shemeji, vipi huko?"

Kimya. Akaita tena. Kimya.

Fundi alikanyaga ngazi. Mkewe alikuwa ameshaichana bahasha.

"Usishuke! Mzee anakataza!"

"Ndugu yako anakufa!"

"Ni ndugu yangu, ndiyo maana nasoma!" Akasoma: "'Moshi wa injini hubaki kisimani. Una sumu isiyo na harufu. Mtu akizimia, usimfuate. Mvute kwa kamba.'"

Fundi alirudi juu. Wakavuta wote watatu, yeye, mkewe na jirani. Shemeji alitoka amelegea. Walimkimbiza hospitali, akawekewa hewa ya oksijeni, na jioni akafumbua macho.

"Mngemfuata," alisema muuguzi, "leo mngekuwa na matanga mawili."

Fundi alimalizia kuisoma barua pale pale kwenye benchi. "Siku ile mgodini ulimfuata mwenzako shimoni bila kamba. Mkapona kwa bahati tu. Mimi nilishazika wawili kwa namna hiyo hiyo. Sikutaka kukuzika wewe. Ndiyo maana nilikufukuza."

Fundi alilia mbele ya mkewe, wala hakujificha.

Sasa ana mpira mrefu. Injini hukaa nje, mbali na mdomo wa kisima. Na barua ya mzee huifungua mlangoni, kabla aliyeileta hajaondoka.