Komeo la Chini

Fundi aliyeahidi kuja asubuhi alifika jua likielekea kuzama, na wala hakuomba radhi. Mtaani walimwita Fundi Hodi. Hakuwa na muda mrefu tangu ahamie, lakini kila aliyewahi kumwita kuziba bomba au kunyoosha bawaba alikuwa na kisa chake cha kuchekesha: eti mtu huyu hagusi kitu kabla ya kubisha. Mlango wa choo, hodi. Kabati la vyombo, hodi. Watu walimcheka mpaka basi, kisha wakamwita tena, maana kazi yake haikuwa na longolongo.

Siku hiyo mwanamke mshonaji aliyemwita hakuwa na hamu ya kucheka. Alimpeleka moja kwa moja hadi mwisho wa koridori, kwenye mlango wa chumba cha marehemu mama mkwe wake.

"Hili komeo litoke," alisema. "Ziba matundu kwa puti, piga msasa. Mimi nakimbilia rangi dukani. Nataka mtu akipita hapa asijue kama paliwahi kuwa na kitu."

Fundi aliinama akalitazama.

"Dada, hiki si chumba cha kulala?"

"Ndiyo."

"Na komeo liko huku nje?"

"La upepo," alijibu haraka. "Mlango ulikuwa unajipigapiga."

Ndivyo alivyomwambia mumewe pia, na mumewe hakuuliza mara ya pili. Lakini jioni hiyo mume alikuwa amekwenda stendi kumpokea dada yake, aliyekuja kukaa nao katika chumba hichohicho. Na wifi huyo alikuwa mtu wa kuuliza. Angeuliza mpaka kikombe kilichovunjika mwaka juzi kilikuwa cha nani.

Alipokuwa akigeuka kuondoka, mshonaji alisikia fundi akibisha kwenye mlango wa chumba kitupu.

"Hodi..."

Akatoka mbio kabla hajacheka au kulia.

Tusimwonee. Mama mkwe alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu, na usiku akitoka pekupeku kwenda kumtafuta mwanawe aliyechelewa kurudi kutoka shule. Mwana mwenyewe ana mvi, na wakati huo yuko kazini, zamu ya usiku. Aliyeamka ni mshonaji. Aliyemfuata barabarani na tochi ni mshonaji, akimbembeleza, akimrudisha, akimwosha miguu, na asubuhi mteja anadai gauni lake. Alichoka hadi akawa anasinzia kwenye cherehani. Ndipo akanunua komeo, akalikaza mwenyewe.

Usiku mmoja mama aligonga. Mshonaji akasema moyoni, ameanza. Akaongeza sauti ya redio. Mama akagonga tena. Akaongeza tena. Akalala.

Asubuhi mlango ulikuwa mzito kusukuma. Mama alikuwa ameanguka nyuma yake, sakafuni, mkono umenyooka kuelekea kitasa asichoweza kukifikia. Mshonaji alimbeba akamrudisha kitandani. Akamfunika. Akachukua mkasi wake wa kazi, akamkata kucha zilizovunjikia kwenye mbao. Mume aliporudi alimwambia, "Mama katutoka usingizini. Hakuteseka." Mume akamshika mikono akamshukuru kwa kumtunza mama yake.

Shukrani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtafuna. Redio aliigawa baada ya msiba, lakini komeo kila alipotaka kuling'oa mikono iligoma. Alimpenda mumewe. Na alijua wazi kwamba siku mume akijua, hatakaa naye tena.

Aliporudi na kopo lake la rangi, koridori lilikuwa limeanza kuingia giza. Alisimama. Kulikuwa na harufu...

Dawa ya kuchua. Ile kali ya kafuri, aliyokuwa akimpaka mama magotini.

Fundi alikuwa anarudisha bisibisi mkobani. Upande wa nje wa mlango ulikuwa safi, puti mbichi imelala vizuri. Mshonaji alishusha pumzi. Kisha akaona kitu kinang'aa upande wa ndani, chini kabisa, usawa wa goti.

Komeo lilelile.

"Umefanya nini, fundi?"

"Si mmeniambia nilihamishie ndani?"

"Nani kakwambia?"

Fundi alishusha sauti, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. "Mama. Nilibisha, akanikaribisha. Nikamuuliza alitaka usawa gani, akasema huko juu hafikii."

"Ulimwona?"

"Taa imeungua, sikumwona uso. Alikuwa ameketi sakafuni, nyuma ya mlango. Alitoa mkono tu, akanionyesha hapa." Akasita. "Mpeni pole, dada. Kucha zake... zimekatwa vibaya."

Kopo la rangi lilimponyoka.

"Litoe," alinong'ona. "Sasa hivi. Nakuomba."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Chumba cha mtu, dada. Mwombe mwenyewe." Akavaa mkoba wake begani na kutoka, wala hakungoja ujira.

Mshonaji alikimbilia kisu cha jikoni. Alikuwa amepiga goti, ncha ya kisu imeingia kwenye skurubu ya kwanza, aliposikia lango la nje na kicheko cha wifi. Akaruka, akatokea koridorini.

Nyuma yake mlango ulijifunga polepole.

Kisha chini, karibu na sakafu... krrrr... tak.

"Mbona umesimama gizani?" mume aliuliza, masanduku mawili mikononi. Wifi alikuwa ameshatangulia, akinusa.

"Kaka, hii si harufu ya mama?"

Mume aliweka masanduku chini, akasukuma mlango. Haukwenda. "Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu," alisema mshonaji. "Ni fundi... fundi kaharibu mlango."

Mume alipapasa mbao kutafuta kasoro, na kidole chake kikazama kwenye puti mbichi. Akakitazama. Akapapasa tena, tundu la pili, la tatu.

"Hapa ndipo lilipokuwa lile komeo la upepo."

Mshonaji aliinama kuokota kopo la rangi.

"Umelitoa leo? Dada anapokuja?"

Ndipo wote watatu wakasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kutoka ndani. Chini, usawa wa goti.

Wifi alirudi nyuma hadi ukutani. Mume hakurudi. Alimgeukia mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba adanganywe. "Uliniambia aliondoka usingizini."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kwa mara ya mwisho, na mshonaji alilijua hilo. Aibu ilimshinda.

"Usingizini," alisema. "Naapa."

Mume aliugeukia mlango. Kisha akapiga magoti, akalaza shavu kwenye mbao.

"Mama," aliita. "Nimerudi. Nilichelewa kidogo tu."

Kimya...

Krrrr.

Mlango ulifunguka nafasi ya mtu mmoja. Giza tupu, na ile harufu. Mume aliingia akitambaa, kama mtoto. Mshonaji alinyoosha mkono amshike shati, akashika hewa. Mlango ukarudi. Komeo likaingia mahali pake.

Walimsikia akilia. Mwanamume mzima, analia kwa kwikwi. Halafu wakasikia sauti nyingine, nyembamba, ya uchovu, ikimbembeleza.

"Nyamaza, mwanangu. Umekula?"

Wifi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mshonaji alianguka pale pale mlangoni, na sasa maneno yakamtoka bila kuulizwa: nilimfungia, alikuwa anagonga, nilimsikia, mume wangu, nilimsikia. Aliyasema mara nyingi, akiyaambia mbao, na wifi yake akiyasikia yote.

"Nifungulieni," aliomba. "Mama, nifungulie."

Hakuweza kusimama, kwa hiyo aligonga chini, karibu na sakafu. Akagonga mpaka kucha zikavunjikia kwenye mbao.

Chumbani mlikuwa na kitanda na kabati tupu, basi. Lakini alipokuwa akigonga, alisikia muziki ukianza mle ndani, muziki wa usiku ule.

Akagonga tena.

Huko ndani mtu akaongeza sauti ya redio.