Senene wa Pilipili Kichaa

Kokubanza alikuja Bukoba kumsalimu Shangazi Gaudiosa wa Kibeta. Mji hakuujua hata kichochoro kimoja, maana alizaliwa na kukulia Tabora. Siku ya pili, sokoni penye senene, wale panzi wa kuliwa, akiwa na gauni jekundu na raba nyeupe, akapigana kikumbo na fundi cherehani mrefu mwenye tepu shingoni.

"Unanunua senene, mrembo? Hapa mwanamke anawachambua mwenyewe, anampa mwanaume wake. Mwanaume akila, anamvisha nguo."

"Asipomvisha?"

"Mji mzima unamcheka."

Huyo ndiye Avit. Wiki tatu simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nitashiba nikikuona." Akaahidi kuja Kibeta Jumapili mchana, shangazi amwone.

Shangazi akapika ndizi kwa kuku, akaalika majirani sita. Saa saba ikapita, saa tisa, saa kumi na moja. Simu ya Avit imezimwa. Jirani mmoja, Immakulata, akaaga akisema, "Pole, mae, pole mwanangu." Pole hiyo ilimchoma Kokubanza kuliko njaa. Akaifungia namba ya Avit, akaapa kwamba mwanaume huyu atalia mbele za watu.

Asubuhi akachambua senene, mbawa na miguu, akawakaanga kwa kitunguu na pilipili kichaa kumi na nane. Shangazi akapiga chafya toka chumbani.

"Unamuua nani humo jikoni?"

"Fundi cherehani."

Saa nne akasimama mlangoni kwa Avit, wateja wamejaa.

"Mume wangu! Senene wako hawa hapa. Nguo yangu iko wapi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Avit akafunua bakuli, akatia konzi nzima mdomoni. Jasho likamtoka, kisha machozi. Kokubanza aliona raha, raha kabisa. Akangoja ateme ili wamcheke vizuri. Avit hakutema. Akaongeza konzi ya pili.

"Jana nilikuwa Ijumbi, kule Muleba," akasema, sauti imemkauka, "kwa babu yako Byarugaba. Nilikuuliza ukoo wenu, ukasema hujui, babu wa Ijumbi ndiye anajua. Sisi hatuoani ndani ya ukoo mmoja. Nile kuku wa shangazi, kumbe wewe ni dada yangu?"

"Ungepiga simu!"

"Mzee aliniamuru niizime, tulikuwa tunaongea wanaume. Nilipoiwasha, umeshanifungia."

"Babu akasemaje?"

Avit akaangua gauni la kitenge cha kijani ukutani, akamwekea mabegani. Lilimkaa sawasawa, na hakuwahi kumpima.

"Tungekuwa ndugu, ningelichana leo asubuhi."

Aibu ikampanda Kokubanza hadi masikioni. Alikuwa amekuja kumliza mtu aliyekwenda hadi Muleba kumuulizia. Akachota senene waliobaki bakulini, akawatia mdomoni wote, akawatafuna polepole mbele ya wateja wale wale, machozi yakimchuruzika.

"Jumapili uje Kibeta," akasema akihema. "Majirani wote sita watakuwepo."

"Pilipili je?"

"Itategemea utafika saa ngapi."