Mkoba wa Asali Uliouzwa Mwenyewe Akiwa Hai

Ndugu zangu, na hasa ninyi ambao bado mna wazazi wazee nyumbani, naomba mnisikilize. Haya ninayoyaandika yalitokea katika nyumba ya kaka yangu Selwyn, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, tumetoka kanisani. Tulikaa kivulini nje ya nyumba ya Selwyn, karibu na mto, wanawake watano na sufuria kubwa motoni. Tulikuwa tunachemsha majani ya mkadi, yale tunayosukia, pamoja na mizizi ya kuyatia rangi ya njano. Mama yetu alikaa katikati, miguu ameinyoosha. Jina lake silitaji, kwa kuwa ametangulia, na kwetu jina la marehemu huachwa lipumzike. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini vidole vyake vilijua kila jani.

"Hili nani kalivuna?" aliuliza, akalinusa. "Changa hili. Litakatika upesi kama ahadi za wakwe zangu."

Lorna, mke wa Selwyn, akacheka. "Mama, mkwe wako niko hapa nakusikia."

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Begani mama alivaa mkoba wake wa asali. Alipewa na mama yake, naye alipewa na wake. Ulisukwa ukabana hata asali ya wale nyuki wadogo wa porini haikuvuja tone. Siri ilikuwa kwenye kitako, namna nyuzi zinavyoanza. Pale mtoni hapakuwa na mwingine aliyejua kukianza kitako kile, na mama mwenyewe, kwa ajili ya macho, hakuweza mpaka aupapase kwanza ule mkoba wa zamani.

"Noreen, lete kidole," alimwambia mjukuu wake, binti wa Selwyn, mwenye miaka kumi na mitano. Akakishika kidole cha mtoto, akakipitisha juu ya kitako. "Hapa mbili zinapita chini. Hapa moja inarudi. Umeisikia?"

"Nimeisikia, bibi."

"Hujaisikia. Una haraka kama baba yako. Mvua zikipita tutaanza chako. Siku utakapokimaliza, huu nitakuvika begani kwa mkono wangu."

Mnisikilize hapo kwenye mkono wake. Kwetu mtu akifa, vitu vyake huchomwa au hufukizwa moshi na kuondolewa. Kinachosalia ni kile tu alichokitoa kwa mkono wake akiwa hai.

Mchana ule likaja gari la Bwana Ashcombe, mzee Mzungu kutoka miji ya kusini, mkusanyaji wa vikapu. Alikuja kila kiangazi. Tulimwonyesha vikapu vipya na mikeka. Alivitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Hivi mnasuka vya kuuza," alisema. "Mimi natafuta kilichotumika." Macho yakatua begani kwa mama.

"Mwambieni huu una mtu ndani," mama akajibu.

Akaondoka, lakini alimwachia Selwyn namba ya simu.

Wiki ya pili mama alishikwa na kifua. Ndege ya wagonjwa ilimchukua hadi hospitali ya mji mkubwa, Darwin, Noreen akaenda kumuuguza. Walimwekea mipira puani. Mkoba ulibaki nyumbani, maana mama aliogopa usije ukapotea kule mjini. Daktari alimwambia Selwyn kwa simu kwamba familia ijiandae.

Selwyn alijiandaa kweli. Alipiga ile namba, na siku ya nne Bwana Ashcombe alirudi, na nyuma ya gari amepakia injini ya boti, mpya, bado ina plastiki.

Sasa mjue kwamba kwetu dada hasemi na kaka yake uso kwa uso. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Ukiwa na neno, unaliambia kitu kingine, naye alisikie. Nilipomwona Selwyn anautungua mkoba ukutani, nilimgeukia mbwa aliyelala mlangoni.

"Wewe mbwa," nilisema, "kuna mtu anamzika mama yake na bado anapumua."

Selwyn hakunitazama. Naye akamwambia mbwa, "Mbwa, kuna mtu hajui kwamba mama akifa tutauchoma huu pamoja na mablanketi. Uwe majivu, faida ya nani? Heri uende mahali utakapotunzwa, na watoto wapate samaki."

"Mbwa, muulize kama mama ameutoa."

"Mbwa, mwambie mama hana tena sauti ya kutoa."

Nje nikamsikia Bwana Ashcombe anauliza, "Mwenyewe hana neno?"

Selwyn akajibu, "Mwenyewe amekwisha kufa."

Ningeweza kukimbia kwa mjomba wetu Barnabas, kaka yake mama, ambaye kwa mila ndiye mwenye sauti juu ya vitu vyake. Nyumba yake haikuwa mbali. Sikwenda. Nilijiambia nimeshasema, tena nimesema kwa heshima. Mungu anisamehe, na jioni yake nilikula samaki aliyeletwa na injini ile, naye alikuwa mtamu.

Mama hakufa. Baada ya wiki tano ndege ilimshusha, amekonda, anaegemea bega la Noreen. Jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa ukuta. Alipapasa juu, akapapasa chini, akapapasa tena juu.

"Lorna. Mkoba wangu umeuhamisha?"

Lorna alianza kulia, hivyo mama akajua.

"Mlidhani nimekufa?" aliuliza, hakupandisha sauti. Selwyn alikuwa amesimama mlangoni. "Selwyn, baba, ulinililia lakini? Walau ulinililia?"

Kaka yangu alianguka chini.

Mjomba Barnabas alikuja na fimbo yake. "Simama, kulia kutamaliza nini? Umeuza kitu cha mtu aliye hai. Mpigie huyo mtu, sote tusikie."

Selwyn akapiga, simu akaiweka katikati yetu.

"Bwana Ashcombe, injini chukua. Nirudishie mkoba."

"Selwyn, rafiki yangu, umeshaingia kwenye kabati la kioo. Watu wanatoka mbali kuja kuutazama. Huko kwenu ungeliwa na mchwa."

"Mama yangu yuko hai."

"Uliniambia amekufa. Nimeshaandika hivyo kwenye kibao chake: mali ya bibi aliyefariki. Siwezi kubadilisha kila kitu kwa sababu umebadilisha maneno. Lakini nitamtumia picha. Picha nzuri, kubwa."

Mjomba aliongea, mchungaji aliongea, mwalimu wa shule alituandikia barua mbili. Bwana Ashcombe alijibu kwa adabu kila mara, na kila mara alikataa. Kilichokuja ni ile picha, kwenye bahasha ngumu.

Noreen alimwekea bibi yake mapajani. Mama aliipitishia vidole polepole, toka pembe hii hadi pembe ile, kisha akaigeuza akapapasa upande wa pili. Noreen akasema, "Bibi, kitako chake kinaonekana kidogo hapa."

"Ni laini," mama alisema. "Hapa hapana kitu, mwanangu."

Bado hakukata tamaa. Kila asubuhi alimwita Noreen, wakakaa na nyuzi. Vidole vyake vilianza vizuri, mbili chini, moja irudi, halafu vikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kitako kilifumuka. Wakaanza upya, kikafumuka. Nilikaa jirani nikimenya viazi pori, nikahesabu moyoni: mara tisa siku moja. Hakumgombeza mtoto hata mara moja. Alisema tu, "Ulikuwa ukiniambia wenyewe, ule mkoba. Ukiushika ulikuwa unasema."

Mvua zilipoanza kunyesha alilala, na safari hii hakupelekwa popote. Alifia mikononi mwa Lorna, tukimwimbia. Tulichoma mablanketi yake, tukaifukiza nyumba. Kuvika bega la Noreen hapakuwa na kitu.

Sasa Noreen ni mama wa watoto wawili. Anasuka vikapu vizuri na mikeka yake inasifiwa. Mwaka jana tulikwenda porini, tukapata asali nyingi kwenye mti uliopasuka. Mtoto wake mkubwa akauliza zamani wazee wetu waliibeba kwenye nini. Noreen akachukua ndoo ya plastiki, akaanza kumimina.

Funzo

Mzazi akiwa mgonjwa, msigawane vyake. Hata kama daktari amesema, hata kama sababu yenu inafanana na mila. Daktari si Mungu, na mila haikuwekwa ili imsaidie mtu kupata injini. Selwyn hakuwa mtu mbaya. Alichukua desturi ya wafu akaitumia kwa aliye hai, kwa kuwa alikuwa na hamu ya kitu kingine.

Nanyi mnaonunua vya kale mkaviweka kwenye vioo, ulizeni mara mbili, tena mmuulize mwenyewe. Kioo kinatunza nyuzi, lakini mkono uliokuwa ukijifunza kwazo kinauacha nje.

La mwisho ni langu. Ukiona baya linatendeka, usiridhike kwamba umesema. Mtafute mwenye uwezo wa kulizuia, uende kwa miguu yako, siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na hatua mia mbili tu za kwenda, na sikuzitembea.