Joho la Ragnobert

Haya yalimpata shangazi yangu Swanahilt, na mimi nilikuwepo, nimekaa miguuni pake nikichambua sufu.

Siku ilianza vizuri tu. Jua la vuli lilikuwa juu ya mto Neckar, uji wa shayiri ukitokota, mbwa wamelala mlangoni. Shangazi alikuwa mfumaji katika nyumba ya Adalgoz, mtawala wetu sisi Waalamani. Ila Adalgoz hakuwepo tena. Nyumba ilikuwa ya Ragnobert, Mfranki, wa kabila la adui zetu.

Kiangazi kile Ragnobert alimwita Adalgoz kwenye mazungumzo. Aliweka mkono juu ya mifupa ya mtakatifu, akaapa kwamba hakuna atakayeguswa. Watu wetu wakaacha silaha nje. Walikuwa arobaini na mmoja, mume wa shangazi akiwemo. Askari wa Ragnobert waliwakata, Adalgoz akiwa mmoja wao, wakawafukia katika shimo moja kando ya barabara, wengine wakiwa bado wanapumua.

Ragnobert akaingia chumba cha kufumia, anatafuna jibini.

"We mama, joho langu limefika wapi? Kesho kutwa naenda kwa mfalme aliyenituma huku."

"Linaisha leo, bwana."

"Na usililie juu yake. Sitaki linuke Kialamani." Akacheka peke yake, akatoka.

Nikanong'ona, "Shangazi, sufu hii mbona ina nywele?"

"Chambua."

"Ni ndefu. Ni za watu."

"Chambua, mwanangu. Nimezichimba mwenyewe."

Nikatazama mikono yake. Kucha mbili hazikuwepo.

Kila uzi ulipopita alitaja jina, taratibu, kama mtu anayeita watoto waje kula.

Mchana Ragnobert alilivaa mezani mbele ya askari wake. Lilikuwa jekundu, zuri ajabu. Akageuka walione vizuri.

"Zito kidogo," akasema.

Akakaa. Akanywa. Kisha akaanza kuhangaika na kifungo cha shingoni.

"Nifungulieni."

Askari mmoja akajaribu, kifungo hakikusogea. Mwingine akachomoa kisu. Kisu kiliteleza juu ya sufu kama juu ya jiwe. Mwanzoni walicheka. Kisha wakaacha.

"Mbona mnanifukia?" Ragnobert akauliza.

Hakuna aliyekuwa akimgusa.

Akaanza kutaja majina. Alitaja kwa lugha yetu, ambayo hakuwahi kujifunza hata neno. Sauti haikuwa yake. Niliijua. Ilikuwa ya Adalgoz. Jina moja. Jina jingine. Kwa kila jina, mabega yake yalishuka zaidi. Shangazi alisimama mlangoni, akihesabu kwa vidole.

Jina la mwisho lilikuwa la mumewe.

"Nipo hapa," shangazi akajibu kwa upole.

Ragnobert akamwona. Sauti yake mwenyewe ikarudi, nyembamba. "Mama. Waambie waniache."

"Uliwaapia wao. Hukuniapia mimi."

Akafungua kinywa avute pumzi. Udongo ukatoka. Mweusi, wenye mizizi. Uliendelea kutoka hata baada ya macho yake kutulia.

Askari wake walipanda farasi wakakimbia, chakula kikiwa bado cha moto. Hakuna aliyemnyooshea shangazi kidole. Waliogopa hata kumtazama.

Nikaambiwa nisugue sakafu. Hapo ndipo nilipoziona nyayo za matope, za watu wengi, bila viatu. Zilianzia kwenye kiti cha maiti na kwenda mlangoni. Za kuingia hazikuwepo.

Shangazi akapiga magoti kando ya unyayo mmoja. Haukuwa na kidole kidogo. Akaupapasa.

"Shoka lilikikata mwaka ule tuliooana," akanong'ona. "Usiufute."

Sikuufuta. Nilizifuata hadi uani, hadi langoni, hadi barabarani. Nilidhani zitageuka zirudi shimoni. Hazikugeuka. Zilishika njia ya magharibi, kuelekea kwa mfalme wa Wafranki, na hatua zilikuwa ndefu, za watu wanaokimbia.