Kiunga Hakupiga Alama

Hapana, Kagure, si kanisani walipatana. Nani alikudanganya? Ilikuwa Mitunguu, siku ya soko, ile kelele hata hujisikii ukiongea. Anti yako Nelius alikuwa ametoka huku kwetu Kanja kununua ndizi, sweta ya kijani, leso kiunoni. Na Kiunga, kijana wa ofisi ya barabara, ameketi kando ya barabara na jaketi ya kung'aa. Kila mtu akivuka, anapiga mstari kwa karatasi.

"Dada, hii ni mara ya tano unavuka. Unaniharibia hesabu."

"Kwani unahesabu watu kama mbuzi?"

"Natafuta mahali magari inaweza kuwagonga, ndio tutengeneze."

"Basi niandike mara moja. Sitaki kugongwa mara tano!"

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Akambebea ndizi, akaomba namba.

Kutoka hapo ni simu kila jioni. Mimi niko kwa kiti yangu, nasikia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe, mhesabu watu?"

Sasa, barabara ikaamua kuja huku. Watu wa barabara wakachora njia tatu. Ile ya pili ilikuwa inapita kwa kahawa ya Nelius, ile cucu yako, mke wangu, alipanda kwa mikono yake kabla atuache. Tukaitwa kwa uwanja ya shule. Kila mtu akapewa mbegu kumi za maharagwe, na bakuli tatu: maisha ya watu, miti na maji, haraka ya magari. Uweke nyingi kwa kitu unaona ni ya maana. Wakasema hizo mbegu zitaingia kwa hesabu, kila njia ipewe alama na ofisi ya kina Kiunga.

Nelius akaweka nane kwa maisha ya watu. Watoto wanavuka barabara ya sasa hapo kwa kona wakienda shule, na mmoja aligongwa na gari, tukamzika.

Lakini Kiunga hakuonekana. Ikakuja meseji tu: "Usinipigie mpaka barabara iamuliwe. Tafadhali."

Miezi nne, Kagure! Nelius alikuwa anaweka simu kwa dirisha, pale network inashika, anaosha vyombo akiiangalia. Na huko Mitunguu, alituambia baadaye, Kiunga anaandika namba ya Nelius yote, halafu anafuta.

"Anajua kahawa inaenda, Baba," Nelius akaniambia. "Ameona haya, ametoroka."

Nikamwekea chai.

Chifu akaita baraza. Mama injinia, anaitwa Rwamba, akasoma: njia ya pili imeshinda, kwa sababu inaenda mbali na shule. Nelius akasimama, macho imejaa maji.

"Na Kiunga alipatia shamba yangu alama ngapi?"

Rwamba akafungua makaratasi, akafungua tena.

"Kiunga hakupiga alama. Aliandika hivi: 'Naomba nitolewe kwa hii kazi. Nataka kuoa mwenye shamba iliyo njia ya pili, akikubali. Sitaongea na yeye mpaka muamue, isije ikasemwa nilipendelea.'"

Wuui! Kina mama wakapiga ngemi, vile vigelegele vya furaha, chifu akashindwa kunyamazisha watu. Nelius akapiga simu hapo hapo.

"Wewe mtu! Unaambia ofisi kabla uniambie mimi?"

"Nelius..."

"Miezi nne, Kiunga."

"Nilihesabu kila siku. Na kahawa ya mama... pole, mpenzi."

"Nimelia. Lakini mbegu niliweka mimi mwenyewe. Kuja useme hayo maneno kwa mdomo."

Jumapili akafika na mjomba wake, suti ya kahawia, viatu imejaa tope. Nelius akampeleka moja kwa moja kwa ile mistari ya kahawa itang'olewa. Wakachuna zile nyekundu za mwisho. Halafu Kiunga akasema, kwa sauti ndogo, anataka kumuoa.

"Nitaolewa," Nelius akamwambia. "Lakini ukininyamazia tena, hata siku moja, nitarudi kwa baba yangu."

"Sitanyamaza."

Mimi huku njaa inaniua, mjomba anaangalia mukimo, ile ya viazi na mahindi ya kupondwa, na aibu ya mgeni. Nikaita, "Nyinyi! Chakula inapoa!" Wakakuja wameshikana, mikono nyeusi na utomvu ya kahawa, wakanawa. Mama yako akapakua. Tukaomba, tukaketi, tukakula.